MRI, CT au Doppla? Kuchagua kipimo cha mishipa ya miguu ukiwa Lamu au Malindi

Familia nyingi zinazoleta mzee mwenye kidonda cha mguu kisichopona huwa zimeshasikia jina moja tu: MRI, ile mashine kubwa ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili. Wengine wameanza kuchangishana pesa. Wakiniuliza wampeleke wapi, nami huwauliza: picha hiyo ikitoka, itaamua jambo gani? Kama hakuna anayeweza kujibu, safari ya Mombasa isubiri kidogo, maana kuna kipimo cha dakika chache ambacho kwa wakati huo kitawafaa zaidi.

Kazi yangu ni kusafisha na kufunga vidonda vya wagonjwa wa sukari hapa Malindi. Wengi hutoka Magarini, Garsen, Witu na visiwa vya Lamu. Ninaandika kwa ajili ya watoto na wajukuu wao, kwa kuwa wao ndio wanaolipa, ndio wanaosindikiza, na ndio wanaopewa fomu ya kipimo bila kuelezwa kwa nini kimechaguliwa hicho na si kingine.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Ateri zinazopeleka damu miguuni hujaa mafuta kwenye kuta zake, zikakakamaa, zikawa nyembamba, na mwisho zikaziba. Sigara na sukari ndio wachochezi wakubwa, kisha presha, mafuta mengi kwenye damu, na umri. Duniani watu zaidi ya milioni 200 wanaishi nao, na wengi wao hawana dalili yoyote. Anayeumwa kwa kawaida hushikwa na maumivu kwenye shavu la mguu akitembea, akisimama dakika chache yanapoa. Ukizidi, mguu huuma usiku akiwa amelala, na nafuu huja akiuninginiza nje ya kitanda. Ukizidi zaidi huja kidonda, au kidole kinageuka cheusi.

Kabla ya mashine yoyote, muulize anafika wapi. Kwa mtu wa mji wa Amu sihitaji mita. "Ami, ukitoka Mkunguni kwenda msikiti wa Riyadha, wasimama wapi?" Akijibu, "Mwanangu, zamani nalikuwa sisimami, sasa nasimama mara mbili, na mguu ni huu huu wa kulia," nimeshapata nusu ya habari. Tena ni swali la kurudia baada ya miezi mitatu ya dawa na mazoezi ya kutembea, ili tujue kama anasonga mbele au anarudi nyuma.

Mkanda wa presha na Doppla ndogo

Hapa ndipo pa kuanzia, kwa karibu kila mtu. Mgonjwa hulala chali na kupumzika dakika 10. Mkanda wa presha hufungwa mkononi, kisha juu ya kifundo cha mguu. Mpimaji hupaka jeli, huweka kalamu ya Doppla, kifaa kidogo kinachotoa sauti ya damu inayopita, juu ya ateri iliyo nyuma ya fundo la ndani au ile ya juu ya unyayo, na husikiliza. Ateri nzima hupiga kwa nguvu, sauti ikapanda na kushuka na kurudi kidogo. Ateri iliyobanwa huko juu hutoa mvumo mmoja mzito usio na mapigo ya wazi. Mkanda hujazwa mpaka sauti inyamaze, halafu upepo hutolewa polepole. Namba ambayo sauti inarudi ndiyo presha ya kifundo.

Presha ya kifundo hugawanywa kwa presha ya mkono, ule wenye namba kubwa. Mkono ukiwa 140 na kifundo 84, jibu ni 0.60. Kati ya 1.00 na 1.40 ni sawa. 0.90 kushuka chini ni ugonjwa. Presha ya kifundo ikiwa chini ya 50 kwa mtu mwenye kidonda au maumivu ya usiku, mguu uko hatarini na mambo yaende mbio.

Tahadhari moja: Doppla ya wakunga haifai kazi hii. Yake ni ya megahezi 2 au 3, ya kumfikia mtoto aliye ndani tumboni. Ateri ya kifundoni iko karibu na ngozi, inataka megahezi 8 hivi. Nimeona mgonjwa akiambiwa mguu wake hauna damu kabisa, kumbe kalamu ndiyo haikuwa yake.

Udhaifu wa kipimo hiki unawaangukia wagonjwa wa sukari wa miaka mingi na wa figo. Kuta za ateri zao hujaa chokaa, mkanda ukashindwa kuzibana, na jibu likatoka 1.5 au zaidi. Familia hufurahi kuona namba kubwa. Isifurahi. Juu ya 1.40 maana yake ateri ni ngumu na kipimo hakiaminiki, basi ipimwe presha ya kidole gumba cha mguu, ambacho ateri zake ndogo kwa kawaida husalimika na chokaa. Hapo, presha ya kidole ikigawanywa kwa ya mkono, 0.70 na chini yake si salama.

Nakitilia mkazo kipimo hiki kwa sababu moja. Mtu ambaye mguu humshika akitembea tu, hana kidonda wala maumivu ya usiku, matibabu yake ya kwanza ni kuacha sigara, dawa ya kupunguza mafuta, dawa ya kuzuia damu kuganda, kudhibiti sukari na presha, na kutembea kwa mpango. Picha ya MRI haibadilishi hata moja kati ya hayo. Akienda Mombasa akarudi na sidii yake, ataandikiwa dawa zile zile ambazo angeanza kuzinywa wiki iliyopita.

Ultrasaundi ya Doppla

Hii ni ile mashine ya skani yenye rangi. Haina mionzi, haina dawa ya kuchomwa, haigusi figo. Inaonyesha mahali damu inapokimbia kupita kiasi: mwendo wa damu kwenye sehemu iliyobanwa ukizidi mara mbili ule wa sehemu iliyo juu yake, ateri hiyo imeziba nusu au zaidi. Kwa paja na nyuma ya goti ni nzuri sana. Nyongani, gesi ya tumbo huficha ateri. Chini ya goti, chokaa hutia vivuli. Na yote yamo mkononi mwa anayepima. Kuichunguza miguu miwili kikamilifu huchukua karibu saa nzima, kwa hiyo ukiona mtu ameandikiwa ripoti ya miguu yote miwili baada ya dakika tano, omba irudiwe.

CT na MRI

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo, na unamhusu mgonjwa ambaye imeshaamuliwa kuwa ateri yake ifunguliwe, kwa puto au kwa upasuaji. Daktari anataka ramani kuanzia tumboni mpaka unyayoni, na mashine zote mbili zinaitoa. Zote mbili hukamata ateri iliyoziba nusu au zaidi kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90. Basi msichague kwa kuuliza ipi ni kubwa au ipi ni ya kisasa. Uamuzi uko mwilini mwa mgonjwa.

CT hutumia eksirei na dawa yenye ayodini inayochomwa mkononi ili damu ionekane kwenye picha. Kupiga kwenyewe ni chini ya dakika moja, na maandalizi yote dakika 20 hivi. MRI hutumia sumaku, mara nyingi ya tesla 1.5, ambayo ni karibu mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia, pamoja na mawimbi ya redio. Haina mionzi ya eksirei. Dawa yake ni ya gadolini, na mgonjwa hulala humo nusu saa mpaka saa nzima.

Tuanze na chokaa, maana ndiyo inayowasumbua wagonjwa ninaowaona kila siku. Kwenye CT, chokaa hung'aa kupita kiasi, na mng'ao wake hufunika tundu la ateri. Ateri za chini ya goti zina upana wa milimita 2 au 3 tu, na hizo ndizo sukari inazozishambulia zaidi. Matokeo yake ripoti huandika kuwa haijulikani kama ateri iko wazi au imeziba, na pesa zimeshakwenda. Kwenye MRI, chokaa haitoi ishara yoyote. Kinachong'aa ni damu yenye dawa, basi tundu linaonekana lilivyo. Kwa mgonjwa wa sukari mwenye kidonda cha kidole, ambaye daktari anatafuta ateri moja iliyo hai ya kuifikishia damu mpaka unyayoni, mimi nikiulizwa maoni yangu nasema MRI, figo zikiruhusu.

Hata hivyo, kutoona chokaa kuna hasara yake. Daktari wa upasuaji anayetaka kushona ateri mpya juu ya ya zamani anahitaji kujua wapi pana ukuta laini wa kupitisha sindano, na CT ndiyo inayomwonyesha.

Sasa figo. Kabla ya mashine yoyote kati ya hizi mbili, mgonjwa apimwe kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, na mwangalie namba iliyoandikwa eGFR kwenye karatasi ya maabara, inayoonyesha figo zinavyochuja. Ikiwa chini ya 30, ayodini inaweza kuzidisha udhaifu wa figo, na anayemeza metifomini, dawa ya sukari, huiacha kuanzia wakati wa CT kwa saa 48, mpaka figo zipimwe tena. Wengi hudhani basi MRI ni salama moja kwa moja. Sivyo. Mwaka 2006 madaktari waligundua kwamba gadolini, kwa watu wenye figo zilizokufa, inaweza kuleta ugonjwa wa kukakamaa kwa ngozi na viungo, na ugonjwa huo hauna tiba ya uhakika. Dawa za gadolini zinazotumika zaidi siku hizi zimeundwa kwa namna nyingine, molekuli yake inaishikilia gadolini kwa nguvu, na hatari imeshuka sana. Lakini familia ina haki ya kuuliza ni aina gani itakayotumika, na mtaalamu mzuri hatakasirika kuulizwa.

Kwa mtu anayesafishwa damu kwa mashine kuna njia ya tatu: MRI bila dawa yoyote. Namna ya zamani ilikuwa ya polepole na ilizidisha ukubwa wa kizibo, ateri iliyobanwa kidogo ikaonekana imekatika. Tangu 2010 kuna mbinu mpya, iitwayo QISS, inayopiga kati ya mapigo ya moyo, haraka zaidi na kwa usahihi mzuri. Si kila mashine inayo programu hiyo, kwa hiyo ulizeni kwa jina kabla ya kupanda basi.

Chuma mwilini ni jambo la kusema bila aibu. Mwenye betri ya moyo asiingie MRI mpaka kadi ya betri yake isomwe. Nyingine zinaruhusiwa, nyingine haziruhusiwi. Fundi wa kuchomelea, au fundi wa majahazi wa Matondoni aliyewahi kurukiwa na kipande cha msumari jichoni, apigwe kwanza eksirei ya macho, kwa sababu sumaku inaweza kukisogeza kipande hicho. Mwenye risasi mwilini aseme. Hirizi yenye kasha la madini hubaki nje, pamoja na bangili, pete, pini za buibui na saa. Aliyewahi kuwekewa stenti mguuni, yaani kimrija cha chuma cha kuishikilia ateri wazi, ajue kwamba MRI huonyesha giza mahali penye stenti, pakaonekana pameziba hata kama damu inapita vizuri. Mtu huyo CT humfaa zaidi.

Halafu maumivu. Jambo hili husahauliwa na wanaoandika fomu, lakini sisi tunaowashika wagonjwa tunalijua. Mtu ambaye hulala ameuninginiza mguu chini ya kitanda, mkimlaza chali miguu ikiwa sawa kwa dakika 45, atateseka. Atatikisika, picha itaharibika, na mtaambiwa mrudie. Apewe dawa ya maumivu ya kutosha kabla, au achaguliwe CT ambayo inamalizika kabla hajashindwa kuvumilia.

Siku ya MRI yenyewe huwa hivi: mgonjwa huingizwa kwa miguu kwanza, jambo linalowasaidia wenye hofu ya mahali pembamba. Juu ya miguu huwekwa vifaa vya kupokea mawimbi, hufungwa kwa mikanda ili isiteleze. Masikioni huzibwa, maana mashine hugonga kwa kelele. Picha za kwanza hupigwa bila dawa. Kisha dawa huingizwa kwa pampu, na kitanda husogea kuifuata damu: nyonga, mapaja, miguu ya chini. Kwenye nyonga ataambiwa azuie pumzi kama sekunde 20, basi mfanyisheni mazoezi nyumbani. Kidonda kikiwa na usaha na mguu umevimba kwa joto, damu hurudi haraka, mishipa ya kurudisha damu ikang'aa pamoja na ateri, na picha ya chini ya goti ikachanganyika. Wataalamu waliozoea hupiga miguu ya chini peke yake kwanza, kwa dawa kidogo, kukwepa jambo hilo. Mwambieni mapema kuwa kidonda kina usaha.

Kuna hofu mbili ndogo za kuondoa. Mtu anayedhurika akila kamba au kaa si lazima aikose CT. Kinachotazamwa ni kama amewahi kudhurika na dawa ya ayodini yenyewe. Na mionzi ya CT kwa mzee wa miaka 70 mwenye kidole kinachokufa si jambo la kumnyima usingizi. Kwa kijana wa miaka 35 ni la kufikiriwa. Mjamzito hapewi gadolini ila kwa dharura.

Katheta

Anjiografia ya katheta ndiyo iliyokuwa kipimo cha kuaminiwa kuliko vyote. Mrija mwembamba hupitishwa kinenani, dawa humwagwa ndani ya ateri yenyewe, na picha zake ni safi hata kwa ateri ndogo za unyayo. Ubaya wake ni kutoboa mwili, uwezekano wa kutoka damu, pamoja na mionzi na ayodini. Siku hizi ni nadra kufanywa kwa ajili ya kuangalia tu. Hufanywa pale ambapo daktari amekusudia kuangalia na kutibu kwa mkupuo mmoja.

Tiba hiyo ilianza kwa mguu. Januari 1964, huko Portland, Marekani, daktari wa picha Charles Dotter alimpokea bibi wa miaka 82 ambaye vidole vyake vilikuwa vimeanza kuoza na ambaye alikataa kukatwa mguu. Dotter aliipanua ateri ya paja kwa mirija aliyoipitisha mmoja ndani ya mwingine. Mguu ulipata joto, na bibi yule aliendelea kuutembelea mpaka alipofariki zaidi ya miaka miwili baadaye. Mnapoambiwa leo kwamba mguu ukatwe, ulizeni kwanza kama ramani ya ateri imewahi kupigwa.

Nani aende wapi

Bwana wa miaka 58 anayevuta sigara, mguu humshika akitembea, ngozi nzima: mkanda na Doppla hapa hapa, dawa, mazoezi. Asiende popote.

Mama mwenye sukari ya miaka mingi, figo bado nzuri, kidonda cha kidole kimefikisha wiki sita: mkanda, presha ya kidole, ultrasaundi, kisha MRI ya ateri kama imeamuliwa afunguliwe mshipa. Kidonda chake kikiwa kinafika kwenye mfupa, anaweza kuandikiwa MRI mbili tofauti, na hapo ndipo makosa hutokea. MRI ya mguu huonyesha kama mfupa umeingiwa na wadudu. MRI ya ateri huonyesha kama damu inafika. Fomu iliyoandikwa "MRI ya mguu" italeta jibu la mfupa tu, na nimewaona watu wakilipa, wakasafiri, wakarudi na picha nzuri ya kitu ambacho hakikuulizwa.

Mtu ambaye mguu wake umegeuka baridi ghafla, mweupe, unauma vikali, vidole havisikii: huyo hana muda wa MRI. Nyama ya mguu isiyopata damu kabisa huanza kufa ndani ya saa 6 hivi. Kutoka Lamu hiyo ni hesabu ya boti mpaka Mokowe na zaidi ya kilomita 300 za barabara mpaka Mombasa, kwa hiyo ulizeni ndege ya Manda saa ile ile. Hospitali mnayokwenda ipigiwe simu kabla hamjatoka. Akifika atapigwa CT, au ataingizwa chumba cha upasuaji moja kwa moja.

Kwa wale ambao MRI imewaangukia kwa haki, pigeni simu vituo viwili au vitatu kabla ya kukata tiketi. Someni fomu neno kwa neno: ateri za miguu yote miwili, kuanzia tumboni mpaka nyayo. Ulizeni kama wana pampu ya kuingiza dawa na vifaa vya kupokea mawimbi vya miguu, kama bei wanayotaja imejumlisha dawa, na kama SHA, bima ya afya ya serikali, inalipia na idhini yake inaombwaje. Kreatinini ipimwe hapa hapa kabla ya kuondoka, ili mgonjwa asilazwe Mombasa usiku mzima akingoja majibu ya maabara. Mkimaliza msiondoke na ripoti ya karatasi peke yake. Takeni picha zote kwenye sidii, kwa sababu madaktari bingwa wa mishipa ni wachache na wengi wako Nairobi, na kila mmoja wao atataka kuzitazama kwa macho yake kabla ya kusema lolote.